Nyumba ya Bei Nafuu Huamuliwa Siku ya Kugawa Kiwanja

(Hotuba kwa maafisa ardhi, wapima, maafisa mipango miji na wenyeviti wa mitaa, Dodoma. Inawekwa hapa nzima kwa ombi la waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Mbukwenyi!

Naona wenyeji wameitika salamu yao ya Kigogo na wageni wametazamana. Msijali, mtazoea, sisi wengine tulikuja hivyo hivyo.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, wanangu maafisa ardhi na wapima. Walionizidi umri nawaamkia shikamooni, ingawa nikiangalia humu ndani naona ni wazee wawili tu. Wengine wote hamjambo.

Niliombwa nizungumzie maisha ya mtumishi wa umma aliyejitolea kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Nadhani waandaaji walitaka nijizungumzie mwenyewe. Mimi ni mstaafu wa mipango miji, pensheni yangu mnaijua, hapo hakuna hadithi. Nitawaletea mtumishi mwingine, mtu wa Pakistan, anaitwa Tasneem Siddiqui. Hakuwa mwanasiasa wala tajiri. Alikuwa ofisa wa serikali kama ninyi, mwenye meza, mafaili na mabosi juu yake.

Katikati ya miaka ya 1980 aliongoza mamlaka ya uendelezaji ya mji wa Hyderabad, katika jimbo la Sindh. Mtu asichanganye na Hyderabad ya India. Alikuta nini pale? Alikuta viwanja. Viwanja vimepimwa, vimechorwa kwenye ramani, vimeuzwa kwa jina la wananchi wa kipato cha chini, na juu yake hakuna mtu. Miaka inapita, hakuna mtu. Na upande wa pili wa mji huo huo maskini wanazidi kubanana kwenye makazi holela, mwezi kwa mwezi, bila ramani na bila kibali.

Je, hiyo ni Pakistan peke yake? Mpima yeyote aliyekaa humu, ambaye ametembea pembezoni mwa mji huu akitafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, kwenye nyasi zinazomfika kifuani, anijibu. Ni Pakistan peke yake?

Siddiqui akajiuliza swali ambalo maofisa wengi hatupendi kujiuliza: kama mimi serikali nina viwanja, na maskini hana kiwanja, kwa nini haji kwangu? Kwa nini anakwenda kwa dalali?

Akaenda kumchunguza dalali, yule anayekata mashamba na kuuza vipande kinyume cha sheria. Aligundua kwamba dalali ni mtoa huduma hodari kuliko ofisi yake. Kwa dalali hujazi fomu. Unafika asubuhi, jioni una kipande. Unatoa kidogo ulichonacho, kingine utalipa ukipata. Maji yanaletwa kwa gari, si safi sana, lakini yanaletwa. Na dalali anakwambia neno moja tu: hamia leo, ukichelewa nampa mwingine. Sasa linganisheni na serikali. Serikali inataka pesa yote kwa mkupuo, inataka nakala tatu, halafu inasema subiri kwanza tulete maji, barabara na umeme. Miaka mitano baadaye miundombinu imefika, bei ya kiwanja imepanda kwa sababu ya hiyo miundombinu, na yule maskini aliyekusudiwa hawezi tena kukinunua. Anayeweza ni nani? Ni mtu ambaye tayari ana nyumba mbili.

Basi Siddiqui akaamua kumwiga dalali. Nasema kweli, ofisa wa serikali akamwiga dalali, akiondoa tu utapeli. Mwaka 1986 akaanzisha mradi ulioitwa Khuda-ki-Basti, yaani makazi ya Mungu. Viwanja vilikuwa vidogo, yadi 80 za mraba, kama mita 67 hivi. Hapa kwetu ukimwonyesha mtu kiwanja cha mita 300 anakuuliza kama ni cha kuchimbia choo! Malipo ya mwanzo yalikuwa madogo, kilichobaki kinalipwa kwa mafungu ya kila mwezi kwa miaka kadhaa. Huduma mwanzoni zilikuwa chache sana: maji ya pamoja na njia ya kupita. Bomba la kuingia nyumbani, mfereji wa maji taka na mengine yakafuata polepole, kadiri wakazi walivyolipa.

Lakini ndugu zangu, kiini hakiko hapo. Kiini kiko mlangoni.

Ukitaka kiwanja Khuda-ki-Basti, hutumi barua, humtumi mtu, na ukiwa na kimemo cha mkubwa kinabaki mfukoni mwako. Unakuja mwenyewe na mkeo, watoto, magodoro na masufuria. Mnapokelewa kwenye eneo la mapokezi, na mnakaa hapo hapo, kwenye vumbi, kama wiki mbili hivi. Mnalala hapo, mnapika hapo. Ukivumilia na familia yako, unaonyeshwa kiwanja, unaanza kujenga siku hiyo hiyo, hata kama ni kibanda cha makuti na mikeka. Ukiondoka ukakiacha, kinachukuliwa, anapewa anayesubiri.

Sasa niambieni, mfanyabiashara mwenye gari na nyumba mjini, anayetaka viwanja kumi avitunze hadi bei ipande, atakuja kulala na watoto wake kwenye vumbi wiki mbili? Atamleta mama mkwe? Hakuja. Hakuhitajika mpelelezi, hakikuhitajika kiapo wala kamati ya uhakiki. Mlango wenyewe ulimchuja.

Wapo waliompinga. Walisema anajenga makazi duni kwa makusudi, akiwa na cheo cha serikali. Na kweli, picha za miaka ya mwanzo si za kupendeza. Lakini watu walikuwepo! Viwanja vya zamani vilivyokuwa na ramani nzuri vilibaki tupu, hivi vya vumbi vikajaa watu. Mwaka 1995 mradi ukapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, tuzo ambayo kwa kawaida inakwenda kwa majengo ya kupendeza macho. Yeye mwenyewe mwaka 1999 alitunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay, upande wa utumishi serikalini.

Naomba tumwache kidogo turudi nyumbani.

Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huo huo, na mwaka 1976 tukapata mpango kabambe uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Kwa miaka mingi mji ulikua kwa mwendo wa kinyonga, watu wakitania kwamba makao makuu yako safarini. Halafu Julai 2016 ikatangazwa kwamba serikali inahamia kweli. Mei 2017 CDA ikavunjwa, ardhi ikaenda kwa manispaa, na hati za miaka 33 zilizokuwa zikilalamikiwa ikaelekezwa ziwe za miaka 99. Aprili 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Katika miaka kumi! Na tangu 2024 treni ya umeme inatuletea watu wengine kila siku.

Hao watu wamelala wapi? Nenda Chang'ombe. Nenda Nkuhungu, Mkonze, Nzuguni, panda Ntyuka. Kijana anapanga chumba, anadaiwa kodi ya miezi sita mbele, dalali naye anataka ya kwake ya mwezi mmoja. Kabla hajanunua hata ndoo, ameshatoa miezi saba.

Si kwamba nchi hii haikujaribu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Hiyo inawaonyesha Mwalimu na wenzake waliweka jambo hili wapi. Shirika lilibomoa nyumba mbovu na kujenga nyingine, kisha ikaonekana kubomoa na kujenga upya kunakula pesa bila idadi ya nyumba kuongezeka sana. Miaka ya 1970 tukabadili mbinu, ukaja mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia: serikali inapima, inaleta maji na barabara, mwananchi anajenga mwenyewe. Sinza na Kijitonyama za Dar es Salaam zilizaliwa hapo. Benki ya Nyumba ikaanzishwa imkopeshe huyo mwananchi. Nenda leo Sinza uangalie mitaa ilivyonyooka, halafu ingia sehemu ambazo hazikupimwa, ulinganishe mwenyewe. Lakini jiulizeni pia, wanaokaa Sinza leo ndio wale waliokusudiwa? Benki yenyewe ilikufa mwaka 1995. Nani aliiua, hiyo ni mada ya siku nyingine na chai nyingine.

Leo tuna sheria za mikopo ya nyumba za mwaka 2008, tuna kampuni ya kuzikopesha benki kwa ajili ya nyumba. Mambo mazuri. Ila takwimu za Benki Kuu za miaka ya karibuni zinaonyesha mikopo ya nyumba nchi nzima haifiki elfu kumi, kwa riba ya kati ya asilimia 13 na 19. Nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 61. Kwa hiyo, wanangu, mkisikia mtu anasema mkopo wa benki ndio utampa nyumba mama lishe wa Majengo, mpeni maji ya kunywa apumzike.

Sasa huyo mama lishe anajengaje? Kuna mama mmoja ninayemfahamu, sitamtaja jina, anauza chakula karibu na stendi. Alipata kipande Mkonze, akakinunua kwa mtu, karatasi ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Mwaka wa kwanza alipanga mawe ya msingi tu. Akicheza mchezo na wenzake, zamu yake ikifika anafyatua tofali. Ada ya shule ikija, ujenzi unasimama. Kikoba kikivunjwa Desemba, anapandisha kozi tatu, nne. Boma likakaa bila paa misimu miwili ya mvua, akaanza kuezeka chumba kimoja, akahamia na wanawe, dirisha likiwa limezibwa na kiroba cha saruji. Alinambia, "Baba, ile siku nimehamia ndiyo siku nimeanza kujenga." Kwa sababu ile kodi aliyokuwa anamlipa mwenye nyumba, sasa ilikuwa inanunua bati.

Hakusoma habari za Siddiqui, lakini anajenga kama Khuda-ki-Basti. Anahamia kwanza, huduma zinafuata. Tofauti ni moja: yeye yuko kwenye kipande kisichopimwa, na atakapokuja mpima, barabara itapita sebuleni kwake.

Na babu zetu wa Kigogo walifanya nini? Walijenga tembe. Nguzo za msituni, udongo ukutani, udongo juu, nene, baridi hata mwezi wa kumi jua likiwa kali. Ndugu na majirani wanaitana, kuna pombe, nyumba inasimama. Hakuna aliyesubiri apate kila kitu ndipo aanze. Sisemi turudi kwenye tembe, mvua ya El Niño naikumbuka. Nasema ujenzi wa hatua kwa hatua si ugonjwa wa maskini wa leo, ndivyo watu wa hapa walivyopata nyumba siku zote. Tunafundisha watoto haba na haba hujaza kibaba, halafu bili ya kiwanja tunayomwandikia huyu mama inataka kibaba kizima ndani ya siku thelathini.

Narudi kwa Siddiqui, maana ana sura ya pili, na mimi naipenda zaidi ingawa haikupata tuzo kubwa.

Miaka ya 1990 aliongoza mamlaka ya makazi holela ya jimbo zima la Sindh. Huko hakuna kugawa viwanja, watu wameshajaa. Kazi ni kurasimisha: kupima, kutoa hati. Nani humu hajagusa urasimishaji? Basi mnajua unavyokwama. Wananchi wanachanga, kampuni inakuja na kutoweka, mwenyekiti wa mtaa anabaki analaumiwa yeye. Siddiqui alifanya nini? Aliitoa ofisi mjini akaipeleka mtaani. Wanaweka kambi ndani ya makazi yenyewe, ofisa anakaa hapo na vitabu vyake, mwananchi anatembea hatua chache, analipa ada iliyopunguzwa, faili linamalizika pale pale. Mtu wa kati, yule anayesema "nipe nikufuatilie", akakosa kazi. Na ada zile ndogo, kwa kuwa wengi walilipa, zikaiendesha mamlaka.

Kwenye maji taka alichukua elimu kutoka Orangi, makazi holela ya mji wa Karachi, kwa mzee mwingine, Akhtar Hameed Khan. Huyu naye ni kiumbe wa ajabu. Alikuwa ofisa wa ngazi ya juu wa utawala wa Kiingereza nchini India, akajiuzulu wakati wa njaa ya Bengal, akaenda kuishi kijijini akifanya kibarua na ufundi wa makufuli ili aone maisha ya wale aliokuwa akiwatawala. Mwaka 1980 alianza kazi Orangi. Alichogundua ni rahisi: watu wa kichochoro kimoja, nyumba ishirini au thelathini, wanaweza kuchanga na kuchimba mfereji wao wenyewe wakipewa fundi na vipimo sahihi. Kisichowezekana kwao ni bomba kubwa la nje. Basi wakagawana: kichochoro ni cha wananchi, bomba kubwa ni la serikali.

Wenyeviti wa mitaa, mmenisikia? Mtu wa Chang'ombe akiambiwa achange kwa ajili ya "mradi wa jiji" anaondoka. Akiambiwa achangie mfereji unaopita mlangoni kwake, na jirani zake saba anawafahamu kwa majina, na mtunza hazina ni mama fulani wanayemwamini, atatoa.

Mtaniuliza, mbona hukutuletea mfano wa Singapore, kila mtu anaisifu Singapore? Lim Kim San alipewa uenyekiti wa bodi ya nyumba ya kule mwaka 1960, akaifanya kazi bila mshahara, na ndani ya miaka mitano wakajenga nyumba zaidi ya 50,000. Mei 1961 moto uliteketeza Bukit Ho Swee, watu kama 16,000 wakakosa makazi, akawajengea pale pale. Namvulia kofia. Lakini kule serikali ilitwaa ardhi kwa nguvu kubwa, na wafanyakazi walikuwa na mfuko wa akiba ambao baadaye waliruhusiwa kulipia nyumba kutoka humo. Mama yetu wa stendi hana mfuko wowote. Tukinakili maghorofa bila mfuko, watakaohamia ni sisi wenye hati za mishahara.

Sasa kazi yenu. Sheria ya Ardhi ya 1999 na masharti ya hati vinamtaka mtu aendeleze kiwanja, kwa kawaida ndani ya miezi 36. Asipoendeleza? Mnajua ngazi zake: ilani, muda wa kujitetea, mapendekezo, na mwisho milki inabatilishwa na Rais. Rais! Kwa kiwanja kimoja cha Iyumbu. Ndiyo maana vichaka vinabaki vichaka. Ukishampa mtu asiyekihitaji, kukirudisha ni safari ya miaka. Ndiyo maana nasema jambo hili linaamuliwa siku ya kugawa, na siku hiyo wenye kalamu ni ninyi.

Mnaogawa mnaweza kutenga sehemu ya kila mradi mpya iwe ya viwanja vidogo kweli kweli, kwa malipo ya mafungu, na sharti la kuhamia kabla ya kupewa hati kamili. Anapewa ruhusa ya kukaa, akikaa mwaka anapata karatasi ya kudumu, asipokaa hajawahi kuwa na hati ya kubatilishwa. Wanasheria mtaniambia wapi panabana, nawasubiri. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayejua nani amehamia na nani ameweka mlinzi na mbuzi wawili ili kionekane kina mtu. Msimruke.

Na litawapata lile linalompata kila mtumishi wa aina hii. Atakuja mkubwa, au mtu wa mkubwa, anataka vitano mbele ya barabara. Atakuwa mpole, atakuuliza watoto hawajambo. Siddiqui hakuwa na ubavu wa kugombana na kila mkubwa wa Sindh. Aliweka utaratibu ambao mkubwa mwenyewe anaona aibu kuupitia. Kataeni kwa utaratibu, msikatae kwa mdomo. Mdomo unahamishwa, mnajua wapi.

Ndugu Mwenyekiti, nimezidisha dakika, nimeona unavyoangalia saa. Daftari la viwanja vilivyogawiwa na ambavyo havina mtu lingeweza kubandikwa kwenye ofisi za mitaa hata wiki ijayo, na ningependa kusikia kutoka kwa jiji nini kinalizuia. Baada ya hapo tuanze maswali, na tuanze na akina mama waliokaa nyuma, kwa sababu mzee wa mbele hapa ameshika kipaza sauti tangu nilipotaja Pakistan.